Aliyetunga Neno Hili Hakuwa na Kigugumizi

Sisi tuliokulia kwenye kambi ya polisi, katika miaka ile vita vilipokuwa vimeiachia Kampala ipumue, hatukuhitaji saa kujua kwamba kumekucha. Asubuhi ilikuja na viatu. Maaskari walipita wakikimbia na kuimba, na bati la nyumba zetu likatetemeka kama kifuniko cha sufuria inayokaribia kuchemka. Nyumba zenyewe zilikuwa za duara, bati tupu kuanzia chini hadi juu, na mlango wake ulikuwa mfupi kiasi kwamba kila aliyeingia aliinama kama mtu anayeomba radhi. Tuliziita "mama ingia pole." Mchana zilikuwa tanuri, alfajiri zilikuwa jokofu, na ndani yake baba, mama, watoto, na kuku wa Krismasi au wa Idi (kutegemea nani ameshinda mabishano mwaka huo) tulivuta hewa ileile na hatukuona ajabu.

Nani wa rika langu amesahau harufu ya mukene, wale dagaa wadogo, wakikaangwa kwenye jiko la mkaa nje ya mlango? Nani amesahau kabalagala za Jumamosi, ndizi mbivu zilizopondwa na unga wa muhogo, zikitoka kwenye mafuta zikiwa nyeusi pembeni na laini katikati? Tulicheza kwepena mpaka jua likachoka, wasichana wakirushiana mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba, sisi wavulana tukijifanya hatutaki mpaka tulipoitwa. Tuliokota maganda ya risasi kwenye majani nyuma ya ghala tukayafanya filimbi. Mtoto wa siku hizi hununuliwa filimbi ya plastiki yenye onyo kwamba isimezwe. Sisi hakuna aliyetuonya lolote, na tulipuliza.

Nayaandika haya kwa utamu, na utamu wake ni wa kweli. Lakini nimekaa kitako kuandika kwa sababu nina hasira, na afadhali niseme mapema, msomaji asije akadhani nitamaliza kwa kabalagala.

Hasira yangu ni juu ya neno moja. Kigugumizi. Litamke polepole. Linaanzia kooni, linagonga, linarudi kugonga palepale, linafunga midomo, ndipo linakuachia uende. Mtu aliyelitunga alikaa mahali pazuri, ulimi wake ukiteleza kama sabuni, akamsikiliza mwenzake anavyoteseka, kisha akaichukua ile sauti ya mateso akaifanya jina. Halafu akatukabidhi sisi tulibebe. Ni sawa na kumpa kiwete jina ambalo halitamkwi ila kwa kuruka kamba.

Baba yangu alikuwa koplo, Mwislamu wa Arua, ambaye maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kiganja. Mama alikuwa Mteso, Mkristo, mwenye maneno ya watu wawili, na nadhani ndiyo maana ndoa yao ilidumu. Baba aliniita Kassimu. Mama akaniita Gabrieli. Walishindania roho yangu kwa heshima, kila mmoja kwa siku yake ya ibada, wasijue kwamba wote wawili wamechagua herufi ambazo ulimi wangu umezigomea. Mtu akiniuliza jina nilikuwa na nafasi mbili za kushindwa, na nilizitumia zote.

Wenzangu waliniita Betri, kwa kuwa redio ya betri zilizokwisha hukatakata kabla ya kuzimika.

"Wewe Betri, sema karanga," wangeniambia, ganda mkononi. "Sema karanga, mimi napa wewe karanga."

Sikula karanga nyingi utotoni.

Jirani mmoja alimshauri mama anipige mdomoni kwa mwiko uliotoka kwenye posho ya moto, yaani ugali, akasema kwao ndivyo walivyomponya mjomba wake. Mama alinipiga kidogo tu, kwa heshima ya jirani. Sikupona, ila mpaka leo posho ikisongwa nakaa mbali na sufuria. Baba yeye alikuwa na usemi wake, na aliutoa mara chache, akiwa anapaka viatu rangi: "Kijana, neno hapana risasi. Wacha itoke pole."

Maneno mazuri. Shida ni kwamba alikuwa ananiambia mimi, wakati waliopaswa kuambiwa ni wale waliokuwa wakinisikiliza.

Maana pale kambini, kusema kweli, kila mtu alikiharibu Kiswahili kwa namna yake. Waliokulia kwenye Kiganda walizibadilisha r na l kama mtu abadilishaye viatu. Kwao hiyo haikuwa kasoro, ilikuwa uraia. Sisi watu wa kaskazini ngeli tulizitupa zote njiani, tukabaki na "ile" moja inayofanya kazi ya nane. Hakuna aliyemcheka mwenzake kwa kukosea. Ungeweza kusema upuuzi mtupu, mradi useme haraka. Aliyechekwa ni aliyechelewa.

Shule yetu ilikuwa ng'ambo ya ukuta wa kambi, na mwalimu mkuu alikuwa amefundisha kwata kabla ya kufundisha hesabu. Tulimwita Mwalimu Kwata. Alijua, na alipendezwa. Kiingereza kilikuwa cha darasani, lakini pareti ya asubuhi ilikuwa ya Kiswahili, kwa sababu aliamini hakuna mguu uliowahi kuinuliwa vizuri kwa Kiingereza. Na kutoka kambini alikuwa ametuletea desturi moja ambayo wenzangu waliosoma shule za kawaida hawaijui, nami nawaonea wivu kwa kutoijua. Iliitwa ripoti siki.

Askari mgonjwa hakulala tu ndani akajifunika. Alikuja pareti kama wengine, akapiga hatua mbele, akautangaza ugonjwa wake kwa sauti kubwa. "Malaria, Afande." "Tumbo, Afande." Ndipo aliporuhusiwa kwenda zahanati. Na sheria ilikuwa kwamba hakuna anayemripotia mwenzake. Mgonjwa ana mdomo, walisema. Mwalimu Kwata aliihamishia shuleni desturi hii kama ilivyo. Kila asubuhi, "Wagonjwa mbele!" na watoto wenye surua, wenye upele, wenye jipu mahali pasipotajika, wakatoka mstarini wakayataja kwa ukakamavu. Aliyetaja alisamehewa kazi za siku hiyo. Aliyetoka mbele akashindwa kutaja aliitwa mtegaji, yaani mwenye kukwepa kazi, na pale kambini afadhali mwizi kuliko mtegaji.

Sasa, kila Ijumaa, mtoto mmoja wa mstari uliofikiwa na zamu alisoma habari fupi mbele ya shule nzima. Akishindwa, mstari wake wote ulikosa mapumziko, ukapewa mafyekeo na kutumwa kwenye nyasi za uwanja. Hii nayo ilikuwa sheria ya kambini: kosa la mmoja ni jasho la wote.

Zamu yangu ya kwanza nilikwama kwenye neno la kwanza. Lilikuwa "Kampala." Nilibaki pale, kinywa wazi, mji mzima umenikaa kooni, na mstari wangu ukaenda kufyeka.

Hawakunipiga. Walifanya vibaya zaidi: hawakunisemesha. Mwishowe mkubwa wetu, kijana aliyeitwa Ochen, alinijia bombani nikiwa kwenye foleni na jerikeni langu. "Betri, wewe naumwa mdomo," akasema, tena kwa upole. "Enda mbele na wagonjwa. Sisi hapana taka fyeka kila saa juu ya mdomo yako."

Lilikuwa shauri la busara. Zamu yangu iliporudi, Mwalimu Kwata aliposema wagonjwa mbele, nikatoka.

"Wewe. Ugonjwa yako?"

Nikaonyesha mdomo.

"Jino?"

Nikatikisa kichwa.

"Malaria iko na jina," akasema, akitembea mbele yangu na fimbo nyuma ya mgongo. "Surua iko na jina. Hata upele, ugonjwa ya uchafu, iko na jina. Ya kwako inaitwa nani?"

Na hapo, wasomaji wangu, ndipo nilipogundua kitu cha kutisha. Hata kama ningeweza kusema, sikuwa na cha kusema. Kambi nzima haikuwa na jina la kilichonipata. Walikuwa na namna ya kuniigiza, walikuwa na Betri, walikuwa na kicheko. Jina hawakuwa nalo.

"Mtegaji," akasema Mwalimu Kwata. Fimbo kwangu, mafyekeo kwa mstari.

Jioni hiyo mama alinitoa habari kidogo kidogo, kama mtu anayetoa mwiba. Kesho yake alikwenda Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya mjini, kutafuta unga na mafuta ya biashara yake ya kabalagala, akarudi na neno. Pale Kikuubo kulikuwa na Mkenya mmoja aliyeuza mafuta ya kupikia kwa jumla, mtu wa kanisa, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata wateja walisimama wima mbele yake. Mama alimweleza shida yangu, na kwa kuwa hakuwa na jina alimwigizia, katikati ya madumu, na wachukuzi wakipiga kelele za kuomba njia. Mkenya akamsikiliza mpaka mwisho. "Huyo ana kigugumizi, mama," akamwambia. "Sisi kwetu tunaita kigugumizi."

Mama alilirudia njia nzima, akilibeba kama kaa la moto. Aliingia ndani ameinama, akainuka uso umejaa ushindi.

"Nimepata jina ya ugonjwa yako. Sasa wewe utasema tu, basi, imekwisha."

Nikafungua kinywa. Mama akangoja. Baba akasimamisha brashi ya viatu. Hata kuku alingoja. Neno likasimama kooni mwangu kama ng'ombe kwenye mlango wa mama ingia pole: kichwa ndani, tumbo nje, haliendi mbele wala nyuma.

Mama alinitazama, kisha akaitazama hewa iliyokuwa mbele ya mdomo wangu. "Hii ni dawa gani," akasema, "mgonjwa hawezi kumeza?"

Swali hilo nimelibeba maisha yangu yote. Chuo kikuu nilisomea historia, kwa sababu watu wa historia hawamkatizi mtu, wameshakufa. Lakini maktabani nilizurura kwenye rafu za lugha kama mtu anayetafuta nyumba ya aliyemwibia. Na nikakuta kwamba wizi huu umefanywa kila mahali. Kiganda wanasema kunaanaagira, n ikimkanyaga n mwenzake kisigino. Kiingereza kina maneno mawili ya ugonjwa wangu, stammer na stutter, na yote yanaanza kwa mluzi wa nyoka kisha yanagonga meno. Mwenye ulimi wangu hafiki hata silabi ya pili. Mwenye kithembe, asiyeweza kutoa s, Waingereza wamempa neno lisp, ambalo s imekaa katikati yake kama mfupa kwenye samaki. Kiswahili kilimwonea huruma huyo angalau: kithembe ni neno ambalo limeshaumwa ulimi tayari, analitamka bila jasho. Sisi hatukuonewa huruma. Na bubu je? Bubu ameitwa kwa sauti ambayo kila kichanga huweza kuitoa kwa midomo yake, isipokuwa yeye.

Sababu nimeielewa, na kuielewa hakujanipoza. Majina haya hayakutungwa na wenye ndimi hizi, wala hayakutungwa kwa ajili yao. Yalitungwa na wasikilizaji. Ni majina ya kuelekezea kidole, na kidole hakimuulizi anayeelekezwa. Aliyesikia ndiye aliyeita jina. Aliyekwama alikuwa bado yuko kwenye silabi ya kwanza. Sikatai kwamba neno linaloiga sauti ni neno zuri. Chura anaigwa, radi inaigwa. Ila chura hakuwahi kuitwa mbele ya pareti ajitaje.

Turudi kambini. Mama hakuwa mtu wa kushindwa na neno aliloliendea kwa miguu. Alikuwa amegundua kwamba kanisani nilipoimba sikukwama, na kwamba hata madrasa, nilipofuatisha kwa sauti ya pamoja, ulimi ulikwenda. Basi akanikalisha mbele ya kinu, akanipa mchi na karanga za mchuzi. "Twanga na neno," akasema. Pigo moja, silabi moja. Ki. Gu. Gu. Mi. Zi. Mara ya kwanza lilipotoka lote, mama aliacha alichokuwa akifanya akanitazama kama aliyenizaa upya. Tulitwanga karanga nyingi mno wiki hizo. Baba alikula mchuzi wa karanga bila kuuliza swali.

Ijumaa ya zamu yangu nilitoka mbele nikijipiga pajani taratibu kwa kidole, mahali ambapo mwalimu hakuona.

"Wewe tena. Ugonjwa yako?"

"Ki-gu-gu-mi-zi, Mwalimu."

Nilikuwa sijawahi kumaliza neno la namna hiyo mbele ya watu, na nilimwona Ochen kwa pembe ya jicho amesimama wima kama aliyepandishwa cheo.

"Rudia," akasema Mwalimu Kwata.

Nikarudia. Likatoka.

"Kigugumizi. Mimi najua hiyo. Hiyo ni ile ya kukwama mdomo, si ndiyo?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Wewe umesema mara mbili, safi kama redio." Akaigeukia shule, mikono amefungua. "Nani amesikia huyu kukwama?"

Hakuna aliyesikia.

"Basi umepona. Soma."

Walicheka wote, hata walimu. Na mimi, bila kinu, bila mchi, mbele ya habari ambayo haikuwa na mapigo, nilikwama kwenye neno la kwanza kama kawaida. Nilichapwa kwa kushindwa kusoma, nikachapwa tena kwa kudanganya pareti, na mstari wangu ukaenda kufyeka.

Nimekuwa mtu mzima, nina mvi na shahada, na bado nikiifikiria Ijumaa ile shingo inanipanda moto. Angalia mtego ulivyokamilika. Nikishindwa kuutaja, sina ugonjwa, kwa kuwa ugonjwa wa kweli una jina. Nikiweza kuutaja, sina ugonjwa, kwa kuwa nimeutaja. Hakuna mlango wa kuingilia pale, hata wa kuinama.

Jumatatu mama akaja pareti. Alikuja na unga mikononi, kanga imefungwa kwa namna ambayo wanawake wa kambini huifunga wanapokuwa hawajaja kusalimia. Alipita mistari yote akasimama mahali pa wagonjwa.

"Mwalimu, mimi nakuja ripoti siki."

"Mama, wewe si mwanafunzi."

"Naripoti mtoto yangu."

"Sheria inakataa, mama. Mgonjwa iko na mdomo yake."

"Mdomo ndiyo gonjwa."

Shule ikacheka, na kwa mara ya kwanza ilikuwa upande wetu. Mwalimu Kwata alikaza taya. Mama hakucheka.

"Mimi nauliza wewe, Mwalimu. Mtu mguu yake imekatwa. Wewe naambia yeye, tembea mpaka hapa kwanza, ndiyo mimi amini mguu hapana? Na kama yeye nakuja na gongo, anasumbuka, anaanguka, anafika, wewe nasema, aa, umefika, wewe mzima?"

Hapo hakuna aliyecheka. Upande wa walimu mmoja alikohoa. Mwalimu Kwata alitazama fimbo yake, akatazama walimu, akaona kwamba kwata haina amri ya hali kama ile.

"Kale, nyabo," akasema mwisho, yaani haya, mama. "Huyu hatasoma tena. Nyinyi walimu wote, mumruke."

Mama alirudi nyumbani ameshinda. Siku hiyo kila mtoto aliyepita mbele ya karai lake alipewa kabalagala bure. Ochen na wenzake walinibeba juujuu kuzunguka bomba. Mstari wangu haukufyeka tena kwa sababu yangu, na mimi nilifurahi sana, kwa muda mfupi.

Kisha nikaanza kuuona ule mruko. Mwalimu wa Kiingereza aliita wasomaji mmoja baada ya mwingine, akifika kwangu jicho likapita juu kama maji juu ya jiwe. Mwalimu wa hesabu aliuliza swali, nikanyoosha mkono, nikiwa na jibu, nalijua kabisa. "Weka chini, mwanangu, usijisumbue." Mwaka uliofuata walikuja walimu wapya, na hawakuhitaji kuambiwa, ruhusa yangu ilikuwa imeshakuwa sehemu ya jengo, kama dirisha lililozibwa. Nilipanda darasa hadi darasa nikiwa nimerukwa. Nilipofika sekondari nilikuwa nimeshajifunza kujiruka mwenyewe, kabla hawajafika.

Fimbo ilikuwa na adabu moja: iliacha alama. Ungeweza kwenda nazo nyumbani ukamwonyesha mtu. Kurukwa hakuachi kitu. Ningemwonyesha nini mama? Kwamba wananihurumia? Alikuwa amekwenda mwenyewe kuidai huruma ile, unga mikononi. Na mama hakukosea. Alidai niaminiwe, wakampa nisamehewe. Vitu hivi viwili kwa mbali vinafanana, kama kanga mbili za rangi moja, mpaka uzivae.

Baba na mama sasa wamelala, mmoja Arua na mmoja Teso, na kambi yenyewe nasikia nyumba za bati zimebomolewa. Mimi niko Kyambogo, hapa Kampala, na binti yangu mmoja. Nilimpa jina la Aisha, jina linaloanza kwa irabu laini, nikidhani nimempiga chenga shetani wa ukoo. Kumbe ulimi wake yeye unakwama kwenye irabu.

Vijana wa siku hizi wanatuambia sisi wazee kwamba wao wameelimika, hawachekani. Naona. Wana wachekeshaji kwenye simu zao ambao kazi yao yote ni kujifanya wana ulimi wangu, na watu wanawapongeza kwa vidole gumba. Wanarekodiana sauti wakitembea, simu mbele ya mdomo kama kipande cha muwa, kisha anayepokea anaiongeza kasi, ati mwenzake anasema polepole. Mtu asiye na kigugumizi anasema polepole! Niliwahi kumtumia mpwa wangu ujumbe wa sauti. Alinijibu baada ya dakika: "Anko, andika tu."

Majuzi mwalimu wa Aisha alinitumia ujumbe. Uliandikwa vizuri, na mwishoni palikuwa na kile kisura cha manjano kinachotabasamu. Alinifahamisha kwamba mkusanyiko wa Ijumaa unakaribia, kila mtoto wa darasa atasoma aya moja, na kwamba wao kama shule wamemsamehe Aisha ili asipate taabu. Nilisoma ujumbe ule nimesimama jikoni, nikausoma tena.

Wakati wa chakula nikamuuliza Aisha: amefurahi, au angetaka kusoma?

Aliweka kijiko chini. Akaanza. Nami, mtu niliyerukwa utoto wangu mzima, mtu ninayeandika makala za hasira, nilikuwa na neno lake tayari kwenye ncha ya ulimi, natamani kumsaidia, mkono wangu umeshika ukingo wa meza. Nilingoja. Sikujua kungoja kunauma hivi upande huu.

"Nataka," akasema, na kati ya neno hilo na lililofuata maharage yalipoa, "wangoje."

Kesho yake nikaenda shuleni. Mwalimu ni kijana, mwema kweli, alinivutia kiti na kuniita Mzee. Nilimweleza. Tulizungumza Kiingereza, hapa nakiweka kwa Kiswahili, na nimeyaondoa makwamo yangu ili mhariri asinilaumu kwa kujaza ukurasa. Alijaribu kunisaidia. Kila niliposimama alinimalizia: "Unataka kusema tumpunguzie aya?" Hapana. "Tumrekodi nyumbani, tucheze video?" Hapana. Nikainua mkono, akanyamaza, na nikalifikia neno lenyewe, lile la Kiingereza, lenye nyoka na meno. Lilinichukua muda. Yeye alitabasamu muda wote, na jicho lake likateleza mara moja kwenye saa ya ukutani. Simlaumu. Nililiona tu.

Na nilipokaa pale nikawaza sisi, rika langu. Enzi zetu tulikuwa mabingwa wa kungoja. Tulingoja sukari ya mgao kuanzia alfajiri. Tulingoja barua kutoka Arua mpaka tukasahau tuliuliza nini. Tulingoja basi lililoharibika litengenezwe njiani na tukawa marafiki wa kudumu na abiria wenzetu. Muda ulikuwa ndicho kitu pekee ambacho vita havikukipora. Tulikuwa nao tele, tukaugawa kwa kila kitu na kila mtu, na kati yetu wote hakuna aliyewaza kumpa mtoto kidogo ili amalize neno. Hawa wa leo hawana muda hata wa kuangalia yai likichemka, na wanachotupa badala yake ni huruma. Sisi tulichapwa kwa kunyamaza. Wao wanapewa stika. Nikiwa mkweli, nazikumbuka siku zile kwa mapenzi, na nisingemtakia Aisha hata asubuhi moja ya siku zile. Wala sijui kama hizi za kwake ni bora, au zina mikono laini tu.

"Sawa, Mzee," mwalimu akasema. Alifungua ratiba yake ya Ijumaa, iliyokuwa imejaa, akatafuta nafasi kwa ncha ya kalamu. "Tutamngoja. Nimwekee dakika ngapi?"

Sijui, nikamwambia, na hata hilo halikutoka upesi. Hakuna aliyewahi kungoja mpaka mwisho.